Mama Mwenye Nyumba na Kompyuta Isiyoachwa Peke Yake

Mama mwenye nyumba wetu alikuwa na namna yake ya kuanza siku. Akitoka chumbani asubuhi, kabla hajamsalimia mtu, alipita ukumbini akigusa kuta kwa mgongo wa mkono, hasa penye soketi, kama mama anavyompima mtoto homa kwenye paji la uso. Akikuta ukuta umepoa, alishusha pumzi na kuita "Mwangaluka!", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, kwa sauti ya kutuamsha wote. Akikuta umepata joto, hakusalimia. Alisimama mlangoni kwa mhusika na kusema, "Humu ndani kuna mgonjwa."

Sitamtaja kwa jina, kwa kuwa hata sisi wapangaji hatukulitumia. Tulimwita Mama Mwenye Nyumba mbele yake, na akiwa hayupo tulimwita hivyo hivyo. Anayewajua wapangaji ataelewa kwamba hiyo ni heshima kubwa.

Nyumba yake iko Geita mjini, kando ya barabara ya vumbi inayopitwa na malori yanayobeba mawe kutoka machimboni kwenda kusagwa kwenye karasha. Ni nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati, ua nyuma. Nilipanga chumba cha mbele, nikafanyia humo kazi ya kuhariri video za harusi. Hakuna shule niliyosomea kazi hiyo. Nilijifunza kwa kusoma, kujaribu na kuharibu. Mke wangu na binti yetu Neema walibaki Ushetu kwenye shamba la tumbaku, nami nilikwenda kwao kila mwisho wa juma. Chumba cha nyuma alikaa Mama Kulwa, mama wa mapacha, muuza dagaa sokoni, mwanamke mwenye maneno mengi na roho nyepesi.

Mama Mwenye Nyumba aliijenga nyumba hiyo na marehemu mumewe, wakifyatua matofali wenyewe. Mwanawe wa kwanza, mhasibu anayeishi Mwanza, alikuwa anataka ahamie kwake. Kila alipokuja alilirudia ombi hilo, na kila mara Mama alimjibu kwa upole kwamba nyumba hii ndiyo pekee iliyobaki inayomkumbuka yeye akiwa kijana. "Mwanza nitafika nikiwa bibi," alisema. "Hapa hata ukuta unajua nilivyokuwa nacheka." Hilo ndilo lililokuwa moyoni mwake miaka yote niliyomfahamu: afie pale, mlango wake ukiwa wake.

Tuligongana kwanza kwa sababu ya kompyuta. Video ya harusi ikishakatwa na kuunganishwa, kompyuta inabaki na kazi ya kuipika, yaani kuitengeneza iwe faili moja linaloweza kutazamwa. Kwa mashine ya wakati ule, kazi hiyo ilimaliza mchana mzima. Mimi nilikuwa nikiiwasha, nafunga mlango, nakwenda zangu. Siku moja alinikuta ukumbini na begi mgongoni.

"Baba Neema, unakwenda wapi na huyu umemwacha anahema?"

Alikuwa anasikia feni kupitia mlango.

"Nakwenda Ushetu, Mama. Akimaliza kazi atajizima mwenyewe."

"Atajizima." Alilitafuna hilo neno. "Na akishindwa?"

"Hawezi kushindwa. Nimempangia."

"Mume wangu naye alikuwa hodari wa kupanga. Zima."

Nilijaribu kumwelewesha. "Mama, kompyuta si jiko."

"Inakula umeme?"

"Inakula."

"Inapata moto?"

"Joto kidogo tu."

"Kitu kinachokula na kupata moto ni jiko. Hilo lako limevaa suti tu."

Mama Kulwa, aliyekuwa anaosha dagaa uani, alicheka mpaka akamwaga maji.

Kama ningekuwa na haraka ya kushinda ubishi ningeona ni ushamba. Lakini nina tabia ya kuchunguza ninachoambiwa, na nilipochunguza nilikuta alichokisema hakiko mbali na ukweli. Nilifungua mashine nikakuta vumbi la barabarani limegandamana kwenye feni kama sufi. Niligundua kwamba ekstensheni niliyonunua sokoni ilikuwa na waya mwembamba kuliko unavyoonekana kwa nje, na ilikuwa imebeba kompyuta, feni ya chumba na birika la umeme kwa pamoja. Umeme wa kwetu hukatika, na mara nyingi hurudi kwa kishindo. Mashine iliyoachwa peke yake ndiyo inayopokea kishindo hicho. Wakati wa mvua kuna radi, na swichi iliyozimwa haiizuii radi kama plagi haijachomolewa ukutani. Na mimi, kwa kuona nafasi ni ndogo, nilikuwa nikiilaza mashine hiyo, laptop, juu ya godoro inapochaji, pumzi yake ikiishia kwenye pamba.

Yeye hakuyajua haya kwa namna niliyoyajua mimi, wala hakudai kuyajua. Alikuwa na sheria moja tu, aliyotoka nayo kijijini kwao, Samuye. Nyumbani kwa baba yake moto wa uani haukuachwa bila mtu. Anayeondoka humkabidhi anayebaki kwa mdomo, wakiwa wanatazamana. Anayeondoka anasema, "Moto uko kwako." Anayebaki anajibu, "Umefika." Kama hujajibiwa, hujakabidhi, na kama hujakabidhi, huondoki. Aliihamisha sheria hiyo mjini kama ilivyo. Ilihusu pasi, jiko la gesi, chaja ya simu na, tangu siku ile, kompyuta yangu. Nikitaka iendelee kufanya kazi nikiwa sipo, ilinibidi nimtafute mtu, nisimame mbele yake na kuitamka. Mwanzoni nilisema huku nikiona aibu, mwanaume mzima. Baada ya muda nikaona kwamba sentensi hiyo inafanya kazi ambayo kengele haiwezi, kwa kuwa inamfanya mtu fulani, mwenye masikio na pua, ajue kwamba ni zamu yake.

Alipenda kusema kwamba nyumba haiunguzwi na moto, inaunguzwa na "narudi sasa hivi." Kuhusu umeme alisema hauna adabu, unaingia ndani bila hodi na kutoka bila kuaga. Wapangaji wapya walipopewa ufunguo walipewa na maneno hayo, na mmoja, fundi wa simu, alihama mapema akilalamika kwamba hajapanga chumba, amepanga mahubiri.

Ingekuwa rahisi kumchora kama mtu aliyenyooka. Hakunyooka. Huyo huyo aliyenizuia nisiache kompyuta alikuwa anabandika maharage kwenye jiko la mkaa Jumapili, anakwenda kanisani, anaimba kwaya, anabaki kwenye kikao cha wanawake, anarudi yakiwa yameiva. Tukimuuliza alisema, "Maharage yangu yananijua." Na redio yake haikuzimwa kamwe. Iliongea peke yake chumbani mchana kutwa ili mwizi adhani kuna watu.

"Mama, redio nayo inakula," Mama Kulwa alimchokoza.

"Inakula, lakini inalipa. Wewe ukinyamaza dakika mbili nitaizima, utachukua kazi yake."

Alikuwa mkali kwa watu wazima na laini kwa kila kinachohitaji kutunzwa. Mapacha wa Mama Kulwa walipougua surua, aliwahamishia kitandani kwake, akalala kwenye mkeka. Nilipoibiwa kamera huko machimboni, hakuniuliza kodi. Aliniuliza kama nimekula. Na alifuma. Vitambaa vyeupe vyenye ukingo wa bluu vilifunika televisheni, redio, mtungi na makochi ya kila mpangaji. Neema alipofaulu darasa la saba, Mama alinifumia kitambaa kikubwa cha kufunika kompyuta. Alikileta amekikunja vizuri, akanikabidhi kwa mikono miwili.

Nilimshukuru, "Wabeja, mayu," kwa Kisukuma chake, kisha nikamweleza kwamba mashine hii hupumulia mgongoni na ubavuni, kwa hiyo itavaa kitambaa ikiwa imezimwa tu.

"Kwani mimi naweza kumfunika mtu pua?" alisema. "Akilala, afunikwe. Akiamka, afunuliwe." Na miaka yote alifuata. Mara nyingine alipita, akikuta nimezima na nimesahau, anaingia na kuifunika mwenyewe, akinyoosha kingo kama anamfunika mtoto.

Kisha alianza kubadilika, taratibu, kama ukuta unavyopauka. Alisalimia mara mbili asubuhi moja. Alimwita Mama Kulwa kwa jina la dada yake aliyekufa zamani. Aliweka chumvi kwenye chai, akacheka nasi, lakini tuliona kwamba alicheka baada yetu. Hakuna aliyelisema. Tuliogopa likisemwa litafika Mwanza.

Jumamosi moja nilikuwa nakwenda Nyarugusu kupiga picha harusi ya mchimbaji aliyepata dhahabu. Kompyuta ilikuwa inapika harusi nyingine. Nilimkuta Mama amekaa karibu na mlango wangu anabangua karanga. Nikasimama mbele yake.

"Mama, moto uko kwako."

"Umefika, baba. Nenda. Wapige picha mpaka wachoke."

Yaliyofuata niliyapata kwa Mama Kulwa, na mengine niliyasoma kwenye mabaki. Mchana malori yalipita mfululizo, vumbi likajaa ukumbini. Mama aliingia chumbani kwangu kwa ufunguo wake, akaona mashine yangu inapigwa na vumbi, akaifunika kwa kitambaa kile. Aliisahau kanuni aliyoishika miaka mingi; aliona tu kitu kinachohitaji kutunzwa. Akafunga mlango, akarudi kwenye karanga zake. Baadaye kilisikika kilio nyumba ya pili. Mzee wa pale alikuwa amefariki. Mama akaweka ungo chini, akajifunga khanga, akaenda msibani. Hakumwambia mtu.

Mama Kulwa alikuwa uani. Pua yake imezoea dagaa, lakini alisema harufu ya plastiki inayoungua haifanani na kitu kingine. Alikimbia kwanza kwenye meni swichi akakata umeme wa nyumba nzima, kisha, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, akavunja dirisha langu, akatupa ndani mchanga wa ujenzi kwa karai. Maji hakuyagusa, na alifanya vizuri. Niliporudi nilikuta meza imeungua upande mmoja, pazia limekwisha, dari limekuwa jeusi kama sufuria. Nakala za harusi nilikuwa nazo kwenye begi. Hakuna mtu aliyeumia. Mama alikuwa amesimama katikati ya chumba na kitambaa kilichobaki nusu mkononi. Alinitazama.

"Baba Neema, nani alikuwa amekabidhiwa?"

Nilimwambia, "Pole, Mama," naye akaitikia, "Pole na wewe."

Habari ilifika Mwanza kabla moshi haujaisha. Mwanawe alikuja siku iliyofuata, mtu mpole, mwenye shati safi, aliyechoka kwa wasiwasi. Tulikaa uani: yeye, Mama, Mama Kulwa na mimi. Alisema amekuja kumchukua mama yake, na hatabishana.

"Umri umekwenda, Mama. Siwezi kulala nikijua uko hapa."

"Wewe nyumba yako umeiacha na nani?"

"Imefungwa. Lakini naiona." Alitoa simu akamwonyesha sebule yake ya Mwanza kwa kamera, kochi, televisheni, na kompyuta inayowaka mezani.

Mama aliisogeza simu karibu na macho. "Umeiwasha ikiwa peke yake?"

"Nafuatilia kutoka hapa, Mama."

"Ukiona moto humu, utamwagia maji kwenye simu?"

Mama Kulwa alijifunika mdomo kwa khanga. Mwana naye alitabasamu, lakini hakuachia. "Mama, tunaongea habari yako. Ungekufa."

Hapo nikaingilia. Nilikuwa nimejiandaa. Nilimweleza mwanawe, hatua kwa hatua, jinsi mashine inavyopoa, jinsi kitambaa kilivyoziba njia ya hewa, jinsi vumbi lilivyoongeza joto, kwamba adapta ilikuwa imegusa pazia, kwamba hata mtu wa umri wangu angeweza kufunika kitu kwa sababu ya vumbi. Yote yalikuwa kweli. Niliona uso wake unaanza kulegea, nikaendelea. Mama akaninyamazisha kwa kuweka kiganja juu ya goti langu.

"Usiniongezee maneno, Baba Neema. Nilikabidhiwa?"

"Mama, ile adapta..." nilianza tena.

"Nakuuliza mbele ya mwanangu. Nilikabidhiwa?"

"Ulikabidhiwa, Mama."

"Nilijibu?"

"Ulijibu."

"Nikaondoka." Alimgeukia mwanawe. "Basi sikiliza. Sikumbuki. Wananiambia nilijibu, na hawa si waongo, lakini mimi kichwani hakuna kitu. Hilo ndilo lililokuleta, si kitambaa."

Mwanawe aliinamisha kichwa. Nadhani alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa kukubaliwa.

"Lakini kwetu," Mama akaendelea, "moto haukufukuzwa nyumbani kwa kuwa uliwahi kuunguza. Ulipewa mtu. Na mimi nipeni mtu. Anayetoka humu ndani anikabidhi kwa anayebaki, kwa mdomo, kama tunavyofanya. Nikae kwangu."

"Na wakichoka, Mama? Hawa ni wapangaji, si watoto wako."

"Tukichoka tutakupigia, baba," Mama Kulwa alisema. "Usituchokee kabla hatujaanza."

Mwana alitutazama mmoja mmoja kama anayesoma mita. Akasema tujaribu mpaka mvua ziishe. Mvua ziliisha, akaja, akakaa siku mbili akitutazama tunavyokabidhiana mama yake mlangoni kila anayetoka, akaondoka peke yake. Safari hiyo alipofika kwake alinipigia kuniuliza namna ya kuizima kompyuta yake isibaki ikiwaka anapokwenda kazini, na nadhani hiyo ilikuwa namna yake ya kushukuru.

Tuliifanya zamu ile miaka yote niliyobaki pale. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku nilichelewa harusi kwa sababu hapakuwa na wa kumkabidhi, na kuna siku Mama Kulwa aliuza dagaa mlangoni badala ya sokoni. Mama mwenyewe aliifanyia mzaha. "Leo kompyuta iko kwa nani?" aliuliza, akijionyesha kwa kidole. Baadaye nilirudi Ushetu moja kwa moja, nikapata mashine mpya, na mke wangu akawa mtu wa kujibu.

Mwaka huu nilipita Geita mchana, nikaingia kumsalimia. Alikuwa amekaa uani kwenye kiti cha plastiki, amekuwa mdogo, nywele zote nyeupe. Nilimpa shikamoo, akaniitikia marahaba kwa furaha, akaniuliza tumbaku imefanyaje, akaniuliza tena. Mama Kulwa alikuwa na beseni kichwani tayari kwa soko. Alinikabidhi Mama, nikajibu, akatoka.

Tulikaa. Kisha akainama karibu yangu kama mtu anayetaka kuiba kitu.

"Baba Neema, wewe ni mtu mwelewa. Nikuombe jambo?"

"Omba, Mama."

"Tangu ule moto sijawahi kuwa peke yangu. Nikila, mtu. Nikisali, mtu. Nikioga, mtu amesimama nje anakohoa nijue yupo. Ni watu wema. Sina neno nao." Alishika ukingo wa kiti. "Nataka kukaa peke yangu kidogo kwenye ua wangu. Kidogo tu. Toka nje."

Nilitazama jiko. Lilikuwa baridi. Nilitazama ndoo, ngazi ya mlango, waya wa kuanikia nguo, fimbo yake. Nilifanya hesabu zangu zote, na zote zilinikatalia. Nikamtazama yeye, akiwa amegeuza uso pembeni ili asinione nikikataa.

Nikainuka, nikatoka, nikarudishia lango.

Upande wa pili wa ukuta kuna rundo la matofali yaliyobaki tangu yeye na marehemu mumewe walipojenga. Nilikaa hapo, karibu, nikisikia bila kuona. Kwanza palikuwa kimya. Kisha nilisikia kiti kinasogezwa, nyayo zinakwenda polepole mpaka ukutani na kurudi. Kisha akaanza kuongea Kisukuma, kwa sauti ya chini, sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, nyepesi, ya utani, akingoja kidogo baada ya kila sentensi kama anayejibiwa. Akacheka. Nilihamia tofali la mbali kidogo, pale ambapo ningesikia akianguka lakini nisisikie anachosema.

Mama Kulwa alirudi akanikuta hapo. Alisimama, macho yakamtoka.

"Mama yuko wapi?"

"Ndani."

"Peke yake?"

"Ameomba."

Alifungua mdomo kunifokea. Cheko jingine likavuka ukuta. Mama Kulwa akabaki amesimama, anasikiliza. Kisha akatua beseni lake polepole, lisitoe sauti, akakaa kwenye tofali lililo pembeni yangu.